Bwawa letu lilipata B

Siku afisa wa maji alipokuja kupima bwawa la kijijini kwetu, huku Kinangop, nilikuwa nimekaa juu ya tuta na Guka, yaani babu kwa Kikuyu. Kwa ukoo ni kaka yake nyanya yangu, lakini hakuna anayemwita jina lingine. Afisa alikuwa kijana mpole, mwenye fimbo ndefu ya kupimia na daftari gumu. Alipima kina, akatembea tuta kutoka mwisho hadi mwisho, akauliza maji yakijaa hufika wapi. Alipokuwa akifunga begi lake, Guka akamuuliza, "Sasa mwanangu, bwawa letu limepata nini?" Kijana akasema kwa ukubwa wake linaingia daraja la B.

Jioni hiyo habari ilikuwa imeshafika sokoni. Bwawa letu limepata B! Watu walifurahi kwa dhati, na mimi nilifurahi pamoja nao. Nchi yetu inajua maana ya B. Mtoto akiileta nyumbani, kuku anachinjwa. Mama mmoja anayeuza kabichi karibu na stendi alisema amesikia lile bwawa kubwa la Sasumua, linalopeleka maji Nairobi, ni C tu. Alilisikitikia.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile kijiji kizima tulisoma herufi ile kinyume, na kwamba hakuna aliyetufafanulia. Naandika haya kwa sababu najua vijiji vingine vingi vinalala chini ya matuta ya aina hiyo na bado vinasoma kama tulivyosoma sisi.

Herufi zenyewe zilitoka katika Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007. A ni bwawa la hatari ndogo, B ni la hatari ya wastani, C ni la hatari kubwa. Bwawa lenye maji ya kina kisichofika mita 5, na ujazo usiofika mita za ujazo 100,000, ni A. Kina cha mita 5 hadi karibu 15, au ujazo wa hadi milioni 1, ni B. Likipita hapo ni C. Hakuna aliyefaulu wala aliyeanguka. Afisa hakuja kusema kama tuta letu ni zima au limechoka, alikuja kusema ni kubwa kiasi gani.

Nadhani sehemu ya tatizo iko kwenye neno lenyewe. Kiswahili chetu kina neno moja, hatari, na tunalibebesha mambo mawili yasiyofanana. Kuna hatari ya bwawa kuvunjika, na kuna hatari bwawa likivunjika. Ya kwanza inahusu tuta: udongo wake, umri wake, nyufa zake, mfereji wake wa mafuriko. Ya pili inahusu watu: nani analala kule chini, ni wangapi, na maji yatawafikia baada ya dakika ngapi. Wahandisi wa mabwawa wanapotaja daraja la hatari, karibu kote duniani wanakusudia hii ya pili. Marekani, kwa mfano, bwawa huwekwa daraja la juu kabisa endapo kuvunjika kwake kunatarajiwa kuua hata mtu mmoja. Linaweza kuwa limejengwa jana, halina ufa hata mmoja, bado likawa daraja la juu. Afrika Kusini wanahesabu vichwa waziwazi: likivunjika hafi mtu, au wanaweza kufa hadi 10, au zaidi ya 10. Kisha wanachanganya hesabu hiyo na kimo cha ukuta ndipo wanatoa daraja.

Jedwali letu la 2007 lilikuwa na safu nne: kina cha maji, ujazo, eneo la maji yakijaa, na ukubwa wa eneo linaloteremsha maji kuingia bwawani. Vyote vilikuwa vipimo vya bwawa. Hapakuwa na safu ya watu. Juu ya shule yetu ya chekechea kuna kibwawa kingine, cha zamani pia, ambacho kina chake ukikiangalia kwa macho hakifiki mita 4. Kwa jedwali ni A, hatari ndogo. Watoto wanacheza hatua chache kutoka mguuni mwa tuta lake. Sijawahi kuikubali A ile.

Ili ujue kwa nini mabwawa yetu yako juu ya vichwa vyetu, lazima ujue yalijengwa kwa ajili ya nani. Kinangop ilikuwa nchi ya walowezi. Mabwawa mengi ya huku yalichimbwa na wenye mashamba makubwa kwa ajili ya ng'ombe, kondoo na pareto, na chini ya tuta kulikuwa na nyasi tupu. Aliyejenga hakuwa mjinga: likivunjika, angepoteza kondoo kadhaa na ua. Kisha ukaja Mpango wa Ekari Milioni Moja, kuanzia 1962, mashamba yakakatwakatwa, familia zikagawiwa vipande. Baba akagawia wanawe, wana wakagawia wajukuu. Leo pale penye nyasi pana nyumba za mbao na mabati, kinu cha unga, kanisa, na bomba linalotoka bwawani kwenda sokoni, kwa sababu bwawa la mifugo sasa ndilo bwawa letu la maji ya kunywa. Tuta halikusogea hata hatua moja. Ni hatari iliyopanda huku bwawa limesimama palepale, na hakuna karatasi iliyobadilishwa.

Bwawa la Sasumua nalitaja kwa heshima, na si kwa ukubwa wake peke yake. Liko upande wa Njabini, kwenye miteremko ya Nyandarua, takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Lilikamilika mwaka 1956 kwa ajili ya mji wa Nairobi, na mwaka 1968 tuta lake likaongezwa kimo. Likijaa lina karibu mita za ujazo milioni 16. Kwa mitungi ya lita 20 tuliyoizoea, hiyo ni mitungi milioni 800. Maji ya kijito chake hayatoshi, kwa hiyo mengine huvutwa kutoka mito ya Chania na Kiburu, yanasafishwa huko huko juu, kisha yanateremka yenyewe kwa bomba hadi Kabete. Nilipokuwa nasoma Nairobi nilipanga chumba upande huo, na kila nilipofungua bomba nilijua nakunywa mvua ya nyumbani.

Kuna kisa cha udongo wa Sasumua ambacho ningependa kila mwanafunzi wa uhandisi hapa nchini akijue. Tuta ni la udongo, na udongo uliokuwapo ni ule mwekundu wa huku kwetu, mfinyanzi uliotokana na miamba ya volkano. Ulipopelekwa maabara ulitoa majibu ya kutisha: unabeba maji mengi kupita kiasi, na ukishindiliwa bado ni mwepesi kuliko mfinyanzi unavyopaswa kuwa. Kwa vipimo vya Ulaya, udongo ule haukufaa kuzuia hata birika. Aliyeombwa ushauri alikuwa Karl Terzaghi, mtu anayeitwa baba wa elimu ya mekanika ya udongo, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60. Hakuishia kwenye namba. Alitaka ijulikane udongo umeundwa na madini gani, ikaonekana ni madini ya haloisaiti, ambayo chembe zake hujikusanya kuwa vidonge vigumu vyenye matundu. Maji mengi yale yalikuwa yamefungiwa ndani ya vidonge, hayakuwa yanalegeza udongo. Ukiupima kwa nguvu na kwa uwezo wake wa kuzuia maji, ulikuwa udongo mzuri. Bwawa likajengwa kwa udongo ule ule, na mwaka 1958 Terzaghi akachapisha makala kulihusu kupitia taasisi ya wahandisi wa ujenzi huko London. Udongo wa mashamba yetu ya viazi ukaingia katika vitabu vya dunia.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu nyingine pia. Daraja la kwenye karatasi lilisema udongo ni mbaya, na mtu mmoja akauchunguza wenyewe.

Hata hivyo bwawa zuri nalo huzeeka, na mara nyingi halianzi kuumia tumboni. Mei 2003 mvua kubwa zilileta mafuriko yaliyoharibu mfereji wa mafuriko wa Sasumua, ule mkondo uliojengwa pembeni ili maji ya ziada yapite bila kugusa tuta. Tuta lilibaki limesimama. Lakini bwawa la udongo lisilo na mfereji wa kuaminika haliwezi kuachwa lijae, maana maji yakipita juu ya mgongo wa tuta huchimba upande wa nyuma, kipande kwa kipande, mpaka lote linakwenda. Kwa miaka kadhaa bwawa likawekwa chini ya kiwango chake, karibu nusu ya uwezo wake, hadi lilipotengenezwa katika mradi wa dharura wa maji ya Nairobi. Wengi mjini walilalamikia mgao wa maji bila kujua kwamba nusu ile ya bwawa ilikuwa inaachwa tupu makusudi ili watu wa bondeni walale salama. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa busara sana, na wa gharama kubwa.

Mabwawa ya udongo huuawa hasa kwa njia mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo ya maji kupita juu. Ya pili ni ya ndani, na hii ndiyo anayoiogopa Guka.

Kila bwawa la udongo huvuja kidogo. Mguuni mwa tuta letu, upande wa nyuma, kuna mahali maji hutoka taratibu, na miaka mingi iliyopita mtu alipajengea kwa mawe na kipande cha bomba ili yatoke pamoja. Kila Jumatatu asubuhi Guka huteremka pale na mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia. Anauweka chini ya bomba, anahesabu kwa saa yake ya mkono mpaka mkebe ujae, anaandika idadi ya sekunde katika daftari la shule. Kisha anachota kidogo kwa glasi, analielekeza jua, anaangalia. Mara ya kwanza kumfuata nilikuwa na miaka kama 9. Nilimuuliza, "Guka, unatafuta wadudu?" Akanipa glasi niangalie mwenyewe. Akasema, "Maji yakitoka safi, bwawa linatoa jasho. Yakitoka na udongo, linajila."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo, hata darasani. Maji yanayopenya ndani ya tuta yakianza kubeba chembe, yanaacha tundu mahali zilipokuwa. Tundu linaruhusu maji mengi zaidi, maji mengi yanabeba chembe nyingi zaidi, na tundu linarudi nyuma kuelekea bwawani kama fuko anayechimba. Kutoka glasi yenye ukungu hadi tuta kukatika inaweza kuwa miezi. Inaweza pia kuwa saa chache.

Huko Los Angeles, tarehe 14 Desemba 1963, mtunzaji wa bwawa la maji ya kunywa la Baldwin Hills alikuwa kwenye ukaguzi wake wa kawaida. Saa tano na robo asubuhi akagundua maji kwenye mifereji ya chini yanatoka kwa wingi usio wa kawaida. Bwawa lilikuwa na umri wa miaka 12 tu. Wakaanza kulimwaga, polisi wakapita mitaani wakihamisha watu. Saa tisa na dakika 38 alasiri ukuta ulikatika. Nyumba 277 ziliharibiwa, na watu 5 walikufa. Naikumbuka ile tano kila ninapomwona Guka na mkebe wake. Bondeni walikuwa wakiishi maelfu. Saa nne zilizowaokoa zilitokana na mtu mmoja aliyejua sauti ya kawaida ya maji yale, na ikabadilika.

Adui mwingine anayemsumbua Guka ni fuko wenyewe. Mtu wa Kinangop anawajua kwa viazi vyake vilivyoliwa kutoka chini. Lakini kichuguu kibichi cha udongo mwekundu katikati ya tuta si suala la viazi. Shimo la fuko ni bomba lililolazwa bure ndani ya bwawa. Miti nayo ni hivyohivyo. Wakati fulani vijana walipanda mikaratusi kwenye tuta, kwa nia njema, wakisema itashika udongo. Guka aliing'oa ingali michanga, akatukanwa sana. Mti mkubwa ukifa, mizizi yake huoza ndani ya tuta na kuacha njia. Kwenye tuta zinatakiwa nyasi fupi, ili hata unyevu mdogo uonekane.

Nchi yetu imeshalipia masomo haya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba huko Solai, Nakuru, lilivunjika na kuua zaidi ya watu 40, wengi wakiwa ndani ya nyumba zao. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 ikawa zamu ya majirani zetu wa chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Mai Mahiu. Asubuhi redio zilisema bwawa la Old Kijabe limevunjika. Baadaye mamlaka ikaeleza kwamba halikuwa bwawa: maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia ya maji iliyo chini yake kuziba, yakapasua. Makumi ya watu walikufa. Hilo ni bwawa ambalo hakuna aliyelijenga liwe bwawa, kwa hiyo halikuwa na herufi yoyote. Siku chache baadaye serikali ikataja mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 yanayoweza kufurika, na kuamuru walio karibu wahame.

Wiki hiyo mvua haikukatika kwetu. Nilipanda gari kutoka Nairobi kwa sababu Guka hakuwa anapokea simu. Nilimkuta tutani amevaa koti la mvua, tochi mkononi, hajalala siku mbili. Maji yalikuwa yamebakiza kama urefu wa mkono kufika mgongoni, na mfereji wa mafuriko ulikuwa umezibwa nusu na matawi na mabua. Tulishinda mle ndani, sisi na binamu zangu watatu, maji ya kiunoni, tukivuta takataka kwa kamba. Baridi ya huko haielezeki. Magharibi kiwango kikaanza kushuka, upana wa kidole, kisha upana wa viwili.

Kulipokauka nilikwenda kwenye ofisi moja kuomba ramani inayoonyesha maji yatafika wapi tuta likikatika. Niliambiwa bwawa la ukubwa ule halina ramani ya hivyo, na kwamba kwa vile ni B nisiwe na wasiwasi. Nilitoka nimekasirika, si kwa sababu ya ramani. Hata pale, kwa watu wanaoshika jedwali, B ilikuwa imegeuka kuwa pole.

Basi tukaitembea wenyewe. Jumamosi moja mimi na binamu zangu tulianza mguuni mwa tuta tukafuata kijito hadi kinapoungana na mto, tukiandika kila mlango ulio chini ya mstari wa maji tuliokisia. Hatuna kompyuta ya kupiga hesabu ya mafuriko, na mhandisi angefanya vizuri zaidi. Lakini sasa tunajua kwamba mlango wa kwanza ni wa mjane anayelala na wajukuu wawili, na hasikii vizuri, kwa hiyo simu haitoshi, lazima mtu akimbie. Tunajua kinu cha unga kiko chini kuliko kinavyoonekana. Tunajua daraja la miti litakuwa la kwanza kuondoka, kwa hiyo walio ng'ambo wasikimbilie huku, wapande juu kwa upande wao. Kengele ya kanisa itapigwa mfululizo bila kupumzika. Padri amekubali, na watoto wa shule wameshafanya mazoezi mara mbili kupanda hadi kwenye uwanja wa juu.

Na yule mama wa kabichi, nilipomweleza kwamba C ya Sasumua haina maana ya kufeli, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ningetaka liwekwe juu ya lile jedwali: "Kwa hiyo wakati yule kijana alipokuja kupima bwawa, mbona hakuja kwangu? Mimi ndiye niliye chini."

Daftari la Guka lilijaa mwezi uliopita. Nilimpelekea jipya, la kurasa 96. Jumatatu aliketi kwenye jiwe lake mguuni mwa tuta, akapangusa mikono kwenye suruali, akaandika mstari wa kwanza: tarehe, mvua hakuna, mkebe sekunde 41, maji safi. Akanipa kalamu nitie sahihi kando yake.